Doa la Masika

Lilianza kama kisahani cha chai,
juu ya kitanda, hapa Pasua, Moshi.
Masika ya pili likawa sinia.
Mwaka huu lina pete ndani ya pete, za kahawia,
na tumbo limeshuka
kama la mbuzi atakayezaa kesho.

Nilipaka rangi nyeupe. Mara mbili.
Doa likanisubiri chini ya rangi,
halina haraka.

Fundi Eliufoo akapanda, akalitoboa kwa bisibisi:
maji yakamwagika ndoo nzima,
meusi, yananuka popo.
"Mama Aikaruwa, dari haina kosa," akasema.
"Msumari wa bati umelegea. Mmoja tu."

Tukabandua silingibodi, laini kama mkate uliolowa.
Ndipo tochi ikamulika kenchi:
penseli, mwandiko wa Ndewirwa,
"futi kumi na mbili, kata hapa",
na hesabu aliyokosea, akaifuta kwa kidole.

Miaka saba sijauona mwandiko ule.

Msumari umegongwa, una mpira mpya.
Eliufoo anauliza alete lini bodi.
Namwambia asubiri kidogo.

Usiku mvua inapiga bati,
ndoo iko sakafuni, kavu,
nami nimelala chali, nasoma.