Chupa Tupu

Saa nane usiku bati la Ngamiani likaanza kusema:
tone, tone, kisha gunia zima la choroko likapasuka.
Ndiyo kwanza nimetoka harusini kwa dada,
hina imekauka, viatu bado mkononi.
Nikapanda ngazi na chupa mbili za kahawia
nilizoziosha kwa asidi, nikazioka tanurini
mpaka hata alama ya kidole ikaungua.

Ya kwanza ilikinga mvua.
Ya pili ilikuwa na maji yaliyosafishwa mpaka yamesahau mto;
nikaifungua chini ya mwavuli, nikahesabu thelathini, nikaifunga.
Kazi yake ni hiyo tu: kufika juu, kurudi chini,
na kutokuwa na kitu.

Bi Mwanahija alikuwa uani, anasogeza pipa lake.
"Unatafuta nini humo usiku huu?
Maji ya mvua hayajapita mkononi mwa mtu."
Nikamwambia nitamjibu Alhamisi.

Pongwe, maabara. Nachuja.
Karatasi nyeupe inabaki na vumbi jekundu, mguu wa mdudu.
Kinachopita ndicho ninachokitaka:
kilichoyeyuka, kisichozama wala kuelea,
kisichoonekana ukiinua chupa dirishani.
Mashine inakichoma, inahesabu pumzi yake.

Mvua: miligramu tatu nukta moja za kaboni kwa lita.
Mna asidi ya siki humo, na ile waliyo nayo siafu.
Mna sukari pia, si ya kuungia chai,
ile inayozaliwa ukuni unapoungua:
makumbi ya nazi, nyasi za shamba zilizochomwa kungoja vuli,
labda na mafiga ya pilau ya harusi yetu,
ambayo moshi wake ulipanda jioni
ukashuka usiku kwa jina jingine.

Kisha chupa tupu.
Sifuri nukta tisa.

Semboja akavua miwani. Hakugomba.
Akasogea, akanusa bega langu kama anayenunua samaki,
akasema, "Udi."

Udi. Tangu juzi nguo zangu zilikuwa juu ya chetezo,
mama akizigeuza, shangazi akiongeza sandali,
mpaka nywele, mpaka kitambaa cha mwavuli.
Nilipanda darini nikiwa wingu dogo.
Nikafungua chupa isiyotakiwa kuwa na kitu
nikaijaza harusi.

"Tupa," alisema. "Subiri mvua nyingine."
Ndiyo kanuni, nami naifundisha wanafunzi.
Lakini nilikaa na kalamu, nikafanya hesabu ya kutoa,
kama mtoto wa darasa la tatu:
tatu nukta moja,
toa sifuri nukta tisa.
Toa udi. Toa mimi. Toa shangazi na sandali yake.
Baki mbili nukta mbili,
ndiyo mvua ya Tanga peke yake,
kama ipo mvua ya peke yake.

Sikuiandika katika daftari la matokeo.
Niliiandika kwenye jalada, kwa penseli.

Alhamisi nikamkuta Bi Mwanahija ameteleka chai,
maji ya pipa, tangawizi nyingi.
"Haya, mashine imesemaje?"
"Yamepita mikononi mwetu sote, Bi."
Akafikiri. Akapangusa kikombe kwa ncha ya kanga.
"Basi kunywa," akasema, "ni mikono tunayoijua."