Ngumi Juu

Magak, glavu kwanza. Kisha simama hapa,
nikuone mimi, na Wangatia akuone kule ndani ya kreni.
Usipomwona dereva, dereva hakuoni.
Hilo ndilo somo la leo, mengine ni nyongeza.

Udongo huu wa Ahero ni mweusi na una hila.
Kiangazi hupasuka ukameza kiatu,
masika huvimba kama unga wa mandazi
uliosahauliwa karibu na jiko.
Mwaka jana tuliweka kontena juu yake, hivi hivi tu;
wiki mbili, mlango ukakataa kufunguka,
fremu imepinda, nondo zimefungiwa ndani
na sisi nje, tukilipwa nusu siku.
Ndiyo sababu ya kokoto hizi.
Ndiyo sababu ya mataruma haya ya reli kuukuu
tuliyoyaleta kutoka Kibos, moja kila pembe.
Pimamaji ya Nyachieo iliibwa Jumanne.
Nikachukua chupa ya soda, nikaijaza maji, nikaacha kipovu,
nikailaza juu ya taruma:
kipovu kikatembea, kikasita, kikakaa katikati.
Basi. Hata mwizi hawezi kuiba usawa.

Sikiliza. Kontena lina pembe nne, na hiyo ndiyo mifupa yake.
Kilichobaki ni bati lenye majivuno.
Ukilibebesha tumboni, litabonyea.
Pembe juu ya pembe, hivyo,
kama watoto wanaobebana mabegani kuiba mapera.
Zito chini: lile la saruji na boliti.
Jepesi juu: lile la mabomba ya plastiki na kofia.
Kufuli nne katikati, uzungushe mpaka zilie ka!
Si tatu. Hesabu kwa mkono, usihesabu kwa jicho;
jicho hutaka kwenda kula saa saba.

Likining'inia, usipite chini,
hata kama simu yako imeangukia pale,
hata kama anayepiga ni mama yako.
Shika kamba ya kuongozea, usiizungushe mkononi.
(Kidole hiki kifupi, kiulize habari za kamba.)

Alhamisi alikuja Bwana Sagwe, miwani kwenye paji la uso.
"Weka la tatu. Nafasi imekwisha, Jumatatu malori ya mchanga yanaingia.
Chelewa chelewa, dada, utakuta mwana si wako."
Nikamwambia mwanangu yuko darasa la tatu
na anajua saa ninayofika nyumbani.
Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya vilima vya Nandi,
meusi, yameshika viuno.
Upepo ulishaanza kuulaza mpunga upande mmoja.
Nalo la tatu lilikuwa hewani tayari, linazunguka polepole
kama mtu anayetafuta alikoacha funguo.

Nikainua ngumi.

Ngumi, Magak, ina maana moja: simama.
Haina tafadhali. Haiulizi cheo,
haiulizi ni ya mwanamke au ya nani.
Wangatia aliitazama, akamtazama Sagwe
aliyekuwa akipunga kiganja, shusha, shusha,
akaitazama tena.
Bega langu lilikuwa linawaka moto.
Kisha mkono wa kreni ukageuka,
kontena likarudi chini, kwenye kokoto, peke yake,
na Sagwe akatema mate pembeni akaenda kupiga simu.

Usiku ilinyesha mvua ya mawe.
Paa la kibanda cha mlinzi tuliliokota asubuhi
kwenye mfereji wa mpunga, limekunjwa kama chapati.
Na makontena? Hakuna cha kusimulia.
Hayakuanguka. Hakuna mke aliyepigiwa simu.
Sagwe akafika, akayatazama, akauliza chai iko wapi.

Juu ya lile la pili alikuwa amesimama fundichuma,
kijiti mdomoni,
akigeuza kichwa huku, akigeuza kule,
anapima.

Haya. Wangatia amewasha.
Nionyeshe mikono yako.