Koti Lisinuke

Mwaliko ulisema: mavazi ya kikazi.
Haukusema kazi ipi.
Yangu ni kuvuta kahawa kwa kijiko
kwa ule mlio ambao mama aliwahi kunipigia kofi mezani,
kuizungusha mdomoni, kuitema ndooni,
kisha kutamka: hii ina limau, hii ina gunia,
hii ilianikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Ndege saa kumi na moja alfajiri, KIA.
Kigali, siku tatu. Begi la kilo saba tu,
maana chama cha ushirika kimenilipia tiketi
ile ya watu wasio na sanduku.

Koti nililipata Kiboriloni siku ya gulio.
Mwalimu mmoja wa sekondari alishika mkono wa kushoto,
mimi wa kulia, hakuna aliyeachia,
mpaka muuzaji akatuombea:
"Dada zangu, hilo ni koti, si ndafu."
Elfu kumi na nane. La kijivu.
Mfukoni kipande cha tiketi ya treni
ya mji nisioweza kuutamka.
Fundi Mbwambo akalipunguza, pini mdomoni:
"Mwenyewe alikuwa mtu wa mabega.
Wewe ni mtu wa shingo."
Sikumuuliza maana yake.

Kosa ni langu. Tangu Januari nimelifungia na naftalini.
Leo nalitoa, linanuka kabati la marehemu.
Na chumba cha waonjaji hakiingii harufu ya pili:
uturi, sabuni ya waridi, mafuta ya nywele,
vyote hubaki mlangoni na mwenye navyo.
Mwaka jana bwana mmoja wa Mbinga alitolewa nje
kwa losheni ya ndevu tu,
na suti yake, jamani, ilikuwa imekaa.

Basi nimelianika uani, hapa Rau, upepo ulikamue.
Mama Aikaruwa, upande wa pili wa ukuta,
akachagua saa hiyohiyo kukaanga dagaa.
Nimelizungusha nyumba nzima mikononi
kama mtoto mwenye homa.

Saa mbili umeme ukakata.
Suruali nikailaza chini ya godoro,
kama tulivyofanya bweni la Weruweru,
nikalala chali, sigeuki,
mwanamke wa miaka arobaini na moja
anayenyoosha pindo kwa mgongo wake.

Shati jeupe hapana. Jeupe huhesabu matone.
Nimechukua la kahawia,
rangi ya ajali itakayotokea.
Viatu bapa: vikombe sitini huonjwa kwa kusimama,
na kisigino kirefu hakijui kahawa.
Aproni yangu yenye madoa nimeikunja ndani ya kiatu,
asiione mtu wa forodha, niione mimi.

Mama akapiga simu. Hakuuliza koti.
"Umeweka kanga?"
Nimeweka. Ile iliyochakaa, maandishi yamefutika,
limebaki neno moja tu: *jirani*.

Saa nane za usiku nikatoka na tochi.
Baridi ilikuwa imeshuka yote kutoka mlimani,
mlima wenyewe hauonekani.
Nikazamisha pua kwenye kola
kama ninavyozamisha kwenye kikombe, macho nimefumba:
naftalini, lakini mbali, kama mtu aliyekwishaaga.
Moshi wa kuni. Jani la mgomba lililolowa.
Mwishoni, chini kabisa, dagaa.

Ningelipa alama sabini na tisa.
Themanini ndipo mlango unapofunguka.

Nikalivaa.
Ombeni amefika na teksi, amezima taa kwa heshima ya wanaolala.
Akanitazama juu hadi chini, akafungua mlango wa nyuma,
mimi ambaye siku zote hukaa mbele
tukigombana bei ya ndizi.
"Karibu, mheshimiwa."

Nikaingia mbele.
Ile tiketi ya treni bado imo mfukoni.
Nimeiacha. Yenyewe ilishawahi kufika.