Sensa ya Darasa la Nne B

Hiki kishikwambi nilikabidhiwa wakati wa sensa.
Nilikizungusha mitaa ya Kigogo siku saba,
kofia kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani,
hodi mlango kwa mlango, swali lile lile:
usiku wa kuamkia siku ya sensa
nani alilala hapa?

Sasa kina ufa pembeni, umetulizwa kwa plasta ya kidonda,
na ni mali ya darasa la nne B,
watoto themanini na mmoja, kioo kimoja.

Leo sayansi tumeitoa nje,
nyuma ya vyoo, hadi ukingo wa mfereji
unaoshukia Msimbazi na rangi yake ya chai ya maziwa.
Nimewaambia: tunahesabu wakazi.
Si watu. Wenzetu wengine.
Makundi tisa, dakika tano tano na kishikwambi,
wanaongoja wana penseli na macho.

Basi wakapiga hodi.
Sikuwafundisha hilo, wamekuja nalo kutoka makwao.
Shomari aligonga jiwe kwa kidole: Hodi wenyewe!
Jiwe likapinduliwa,
jongoo akajikunja kama mkanda dukani.
"Mkuu wa kaya ni wewe?"
Jongoo kimya.
"Andika: amekataa kuhojiwa."

Picha ya kwanza ni kidole cha Nyamizi.
Ya pili ni kidole cha Nyamizi na ncha ya bawa.
Ya tatu, tulia, usipumue,
kereng'ende mzima!
Na tulipomkuza kwa vidole viwili
bawa likafunguka vyumba vyumba,
dirisha juu ya dirisha, kama ghorofa ya Kariakoo
siku umeme umerudi.
"Alikuwa nayo siku zote?"
Siku zote.
Nyamizi akakiachia kioo wenzake,
akamfuata kereng'ende mwenyewe
hadi kwenye matete, viatu mkononi.

Kundi la Faraji walirekodi chura.
Walipoicheza sauti, chura wa ng'ambo akaitika,
wakaicheza tena, akaitika tena, karibu zaidi,
mpaka Tumsifu akasema tuache, tunamdanganya,
atadhani amepata rafiki.
Nikaliandika hilo pembeni ya andalio langu la somo.
Kwenye mtaala halimo.

Kunguru hatukuwahesabu.
Walituhesabu wao, kutoka paani.

Kundi la mwisho, chaji asilimia kumi na moja,
wakateremka hadi mdomoni mwa kalavati.
Sikudhani akapiga hodi.
Kisha hakusema kitu.
Kisha: "Mwalimu, njoo."

Boksi la friji, limekunjuliwa, limetandikwa vizuri.
Mswaki ndani ya kopo.
Shati limeanikwa kwenye nondo,
bado linadondosha maji.

Jedwali letu lina safu nne:
mmea, mdudu, ndege, mengineyo.
"Tumwandike?"
"Mwalimu alisema si watu," Shomari akakumbusha.
"Lakini swali si nani alilala hapa?"

Nilisimama pale, chaki mfukoni.
Kalavati hili nililipita mwaka ule,
mara ngapi sijui,
juu, na kofia yangu,
nikienda kwenye milango.

Nikasema picha msipige.
Mtu akakifunika kioo kwa kiganja,
tukasogea nyuma kidogo, kama tulivyofunzwa
kusogea mlangoni pa mtu ambaye hayupo.

Kengele ikalia. Asilimia nne.
Sikudhani alikiegemeza kishikwambi gotini,
akazitafuta herufi moja moja
kwa kidole chenye tope,
safu ya mengineyo,
chini ya konokono kumi na sita:

mtu. mmoja.
amefua shati.
tumepiga hodi, amekwenda kazini.