Bomba Refu la Mbao

Walikuja Jumanne, ukungu umekalia mapaa ya nyasi,
Eydna na Tróndur wake, makoti yakichuruzika mlangoni,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nyimbo kumi na saba. Nilizihesabu.
Kanisa letu, nikawaambia, haliwezi kumi na saba.
Toka mlangoni hadi madhabahuni ni hatua kumi na mbili,
kumi na nne bibi harusi akiwa na haya.
Eydna hana haya.

Tukaanza kufuta.
Huu wa sinema, hapana, mchungaji atakohoa.
Huu uliokuwa ukipigwa Tórshavn, baa, usiku walipokutana:
niliusikiliza simuni, ngoma tupu na mtu analalamika.
"Ndivyo ilivyokuwa," akasema Tróndur.
Tukausogeza ukumbini.
Huu aliupenda marehemu mama yake. Ubaki.
Huu ameuagiza shangazi wa Klaksvík.
Tukatazamana.
Shangazi ndiye mleta kondoo wa karamu.
Ubaki.

Mchagua jembe si mkulima, walisema waliosema.
Mchagua nyimbo je?
Miaka thelathini na mmoja nimekalia kigoda hiki;
nimeozesha watu kwa nyimbo zilizodumu kuliko ndoa zao.
Upo mmoja siupigi tena, hata kwa fedha.
Huo ni wangu.

"Na baba yako anataka upi?"
Eydna akaikunja karatasi, akaikunjua.
"Baba hasikii, Marjun. Si unajua?
Harusi ya kaka alipiga makofi katikati ya sala."

Najua. Nani hapa Faroe hamjui Sørin,
miaka arobaini tumboni mwa meli za uvuvi,
yeye na injini, mafuta na kelele,
mpaka kelele zikamla masikio
na pensheni ikaja bila sauti.

"Mlete Alhamisi," nikasema.

Akaja, amevaa sweta la sikukuu,
akaketi benchi la pili, kofia magotini.
Nikapiga wa kwanza. Akatazama dirishani.
Wa pili. Alikuwa akihesabu kondoo mlimani,
nilimwona midomo.
Wa tatu, wa nne, ule wa marehemu:
akapiga mwayo, maskini, akaufunika na kofia.

Nikavua viatu.
Nikaukanyaga ule ubao wa mwisho kushoto,
wenye bomba refu la mbao nyuma ya ukuta,
noti ambayo hata mimi siisikii, naivaa tu.
Vioo vya taa vikatetemeka.
Sørin akaweka kiganja juu ya benchi.
Kisha cha pili.
"Ile!" akapaza, sauti kubwa ya mtu asiyejisikia,
"Ile ni mashine namba mbili! Ilikuwa na ufa!"

Basi, Eydna ataingia kwa mashine namba mbili.
Juu yake nitatandika zaburi, ili mchungaji alale usingizi.

Siku yenyewe mvua, kisha jua, kisha mvua.
Aliingia kwa hatua kumi na moja,
babaye mkononi, akitembea kama aliye juu ya sitaha.

Ukumbini kijana wa taa na spika alicheza vyake hadi saa tano.
Wimbo wa shangazi tuliusahau;
kondoo walikuwa wameshaliwa.
Kisha spika zikazimwa, watu wakashikana mikono,
mduara ukajikunja kama utumbo mle ndani,
bila zumari, bila fidla, koo na visigino tu:
mbili kushoto, moja kulia,
mbili kushoto, moja kulia,
mbao zikipanda na kushuka,
na Sørin katikati, macho amefumba, hakosei.

Beti themanini na kitu. Wimbo ukaisha.
Mikono ikalegea, watu wakatafuta maji.
Yeye aliendelea.
Mbili kushoto. Moja kulia.
Hakuna aliyemgusa bega.
Mwimbishaji akatazama sakafu, akameza mate,
akaurudia ubeti wa kwanza.