Theluji Haioshi

Ilianza Alhamisi, wakati wa kukamua,
chembe mojamoja, kama mtu anayechekecha unga
akiwa hana haraka.
Kufikia usiku nyanda zote za Saskachewani
hazikuwa na juu wala chini.
Nikafunga kamba, mlango wa jikoni hadi banda la ng'ombe,
kama alivyofanya Isbrand, marehemu mume wangu:
mafundo mawili, na la tatu la wasiwasi.

Asiyeijua theluji husema ni kimya.
Hulia hiyo. Hukwaruza mbao,
hupiga mluzi kwenye tundu la ufunguo,
huingia na kuketi kizingitini
kama mdai.

Nilishika kamba, nikahesabu hatua sitini na mbili.
Mkono wangu mwenyewe sikuuona.
Kisha joto, harufu ya samadi na nyasi kavu.
Nikamwambia Mungu, maana hapakuwa na mwingine:
Wewe ulilala horini, unaijua harufu hii,
usijifanye mgeni.

Ijumaa nikasoma maneno ya nabii,
yale ya dhambi nyekundu na weupe wa theluji.
Mama alinikaririsha nikiwa na miaka sita,
nikayapenda kama mtoto apendavyo sukari.
Sasa nina sabini na mmoja, na dirishani naona:
theluji haioshi, Bwana. Inafunika.
Chini yake rundo la samadi ni lilelile,
jembe nililolisahau linaendelea kuliwa na kutu,
na seng'enge ya Abram Neudorf
imesimama palepale alipoisogeza,
mita nne ndani ya shamba letu,
mwaka ule tuliomzika Isbrand,
udongo wa kaburi haujatulia.

Miaka kumi na mmoja hatusalimiani.
Kanisani yeye benchi la kushoto, mimi la kulia,
tukila mkate mmoja kwa meno tofauti.

Jumamosi bomba la moshi likaziba.
Jiko likakohoa, likafa.
Nikavaa makoti mawili, na la tatu la Isbrand,
nikalala na Biblia kifuani. Si kwa uchaji;
nilitaka kitu kizito.

Jumapili upepo ukanyamaza. Kengele haikulia.
Nani angeipiga?
Nikasukuma mlango; theluji ilikuwa imeuegemea
kwa bega lake lote.
Ndipo nikasikia koleo.
Hatua juu ya paa, kitu kikigongwa ndani ya bomba,
na dirishani ukatokea uso,
kope zimeganda, ndevu barafu tupu.
"Sikuona moshi," alisema Neudorf.
Basi. Hakuongeza neno.
Akaingia kwa dirisha kama mwizi, mguu huu, halafu ule,
mzee wa miaka sabini na minane,
akapiga magoti mbele ya jiko langu, akapuliza makaa.

Tulikunywa supu ya kabichi. Nikamwomba asali.
Akaanza Baba Yetu kwa Kijerumani cha nyumbani,
lahaja ya mababu inayonuka maziwa,
akafika kwenye makosa, yetu na ya waliotukosea,
akakwama.
Kuni zilipasuka motoni.
Nikaipokea sala mimi, nikakwama papo hapo.
Basi tukaparuka, Mungu atuhurumie,
tukaangukia kwenye ufalme na nguvu.

Alipoondoka nilimsindikiza kwa macho:
alivuka juu ya seng'enge bila kuiona,
imezama chini ya buti zake.

Mwezi wa nne vigingi vilichomoza kimoja kimoja.
Mita nne bado ziko kwake.
Sitasema moyo wangu umekuwa mweupe.
Ila nadhani nabii hakuwaza theluji inayoanguka.
Labda ile inayoyeyuka,
chafu, ya matope, ikizama ardhini polepole
upande wake na upande wangu,
bila kuuliza kigingi kiko wapi.

Siku hizi, kabla sijachemsha kahawa,
hutazama kwanza kule
kama moshi wake umepanda.