Mizani ya Pweza

Walikuja jana baada ya alasiri, Ngwali na mkwewe Vuai,
wanabishana tangu msikitini,
kila mmoja na bunduki yake.
Kidawa, tupimie.
Ndoano ilikuwa na ute wa pweza bado,
nikaifuta kwa kanga kuukuu, ile isiyosomeka jina.

Kwanza ya Ngwali: chuma na mti.
Aliiacha marehemu Mcha, babake,
kitako kimekolea jasho la mashavu mawili.
Mshale ukashuka, ukasita, ukasimama:
kilo tatu na robo tatu.
Kisha ya Vuai, nyumba ya mtambo ya plastiki,
nyeusi isiyong'ara, kama kasha la redio.
Kilo mbili na nusu, na kidogo.
"Umeona?"
Nimeona. Kilo na ushei ni pweza wa wastani,
na mie pweza huyo simdharau,
ndiye mchele wangu wa siku tatu.

Ila mizani hii hupima kinachoning'inia,
kinachobebwa haikijui.
Ngwali anajua. Kutoka hapa Mtende kuingia maweni,
mawe yanayokata soli kama mkate wa ufuta,
tangu isha mpaka mbwa wabweke.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi,
lakini wake, anasema, huota usiku kama muhogo:
saa nne uko begani,
saa tisa umeshatia mizizi shingoni.

Vuai hakucheka. Alifungua vifungo viwili vya shati.
Bega rangi ya zambarau.
Nyepesi ina teke, alisema.
Ile nzito marisau yakitoka, nusu ya deni hulipa yenyewe.
Hii yangu yote hunikabidhi mimi.

Nikawakumbusha chumvi, maana naijua,
imenilia misumari ya paa.
Ngwali akienda mjini mazikoni, siku tatu tu,
anarudi mtutu umeota mdalasini,
anakaa kizingitini na kitambaa na mafuta
kama anayemwogesha mtoto asiyetaka.
Ya Vuai? Chumvi huikalia, haipati pa kula, ikaondoka.

Kuanguka nako zimeanguka zote.
Ya chuma ilitumbukia pangoni na mwenyewe,
ikabonyea ubavuni. Fundi Simai wa Makunduchi
akaigonga nusu siku, ikalia tena.
Ya plastiki ilidunda juu ya jiwe
na haikuwa na hata alama, tukaisifu,
mimi mmojawapo.

Sasa Vuai akaigeuza kwenye ndoano, taratibu,
akanionyesha kwa ukucha:
pale pini ya chuma inapopita,
ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto wa arubaini.
Simai kesha utazama. Alivaa miwani, akaivua.
Hauungiki kwa moto, gundi haitaushika.
Chuma hunisemesha kabla, alisema,
kinapinda, kinalia, kinaona haya.
Hii hunyamaza mpaka siku yake.

Basi tukanyamaza na sisi.
Nyuma ya duka matuta yangu mawili yamefukuliwa,
nyayo za nguruwe zimejaa maji.
Nikauliza: na usiku wa leo?

Vuai alitazama chini.
"Baba, niazime hiyo ya chuma."
Sheha asisikie. Ngwali alimpa, na chupa ya mafuta,
na maneno mengi juu ya kitambaa.

Waliondoka jua likiwa bado kali.
Kijana amepinda upande mmoja tayari.
Mzee mikono mitupu,
naye vilevile kapinda, upande uleule.

Ile nyingine wameniachia, inaning'inia.
Nimeishusha, nimeilaza juu ya gunia la chumvi,
kuna pweza sita wananisubiri kwenye beseni.
Mshale haukurudi kwenye sifuri.
Labda ni ute.